Siku Mizigo Yetu Ilipopita Biharwe Bila Sisi

Wiki hii zamu ya kuandika historia ni yetu sisi vijana wa kujitolea. Wengine walituomba tuandike juu ya vita, wengine juu ya wafalme. Sisi tumeamua kuandika juu ya begi. Msicheke kwanza. Wafalme na vita vitaingia humo humo.

Tuanze na kilichotupata.

Mwaka mmoja kabla ya korona tuliombwa kusindikiza familia ya Juru mpaka Kampala. Tulikuwa sisi vijana wawili, mama na watoto wake wanne. Mama alikuwa ameitwa kwa mambo ya kesi yake, na kila mtu hapa anajua, siku ya kuitwa haina mchezo. Mizigo ilikuwa mabegi matatu, godoro dogo lililofungwa kamba, na ndoo ya maharagwe ya kumpelekea ndugu aliyekubali kuwalaza.

Mpaka Mbarara hatukuwa na shida. Taksi ilitushusha, tukabeba vitu vyetu, tukaingia paki ya mabasi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Aliyewahi kuingia paki ya mabasi asubuhi na mizigo anajua: hujamaliza kusema "Kampala", tayari mkono wa mtu uko kwenye begi lako. Huyu anavuta begi kwenda basi la kushoto, mwingine anavuta godoro kwenda basi la kulia, na wote wanasema basi lao ndilo linaloondoka sasa hivi. Mmoja wetu akakimbilia begi. Mwingine akakimbilia godoro. Mama, na mtoto mgongoni, akabaki katikati anaita majina. Na mtoto wa kiume wa miaka sita tukamwambia, "Wewe kaa hapa, linda ndoo. Usiondoke."

Mwishowe tulipata basi moja, mizigo ikaingia chini, tukapanda, basi likaondoka. Kila mmoja wetu alidhani yule mtoto yuko na mwenzake. Sisi wawili tulikuwa viti vya nyuma, mama mbele. Barabara ikaanza kunyooka kuelekea Masaka. Tulipokaribia Biharwe, kilomita kumi na kitu kutoka Mbarara, mama akageuka akauliza, "Yuko na ninyi?"

Tukanyamaza. Yeye akapiga kelele ambayo mpaka leo tunaisikia.

Dereva akasimama Biharwe. Tukashuka wote. Tunasema wote, na hapa tunajilaumu, kwa sababu hata akili ya kumwacha mmoja wetu kwenye basi haikutujia. Mlango ukafungwa, basi likaenda na mabegi, na godoro, na kila kitu. Mmoja wetu akaanza kulikimbilia. Mama akamshika shati, akasema: "Wanangu, begi litanunuliwa. Mtoto hanunuliwi."

Tukakodi boda tatu kurudi Mbarara. Mtoto tulimkuta pale pale. Alikuwa amekaa juu ya ndoo. Mama mmoja muuza ndizi alikuwa amemwona yuko peke yake, akahamisha beseni lake akakaa karibu naye, akampa ndizi moja. Alitwambia alijaribu kumpeleka kivulini, mtoto akakataa, eti ameambiwa asiiache ndoo. Yaani sisi wakubwa tulimwachia mtoto mzigo, halafu tukamsahau pamoja na mzigo wenyewe. Yeye ndiye peke yake aliyefanya kazi aliyopewa.

Sasa, wakati tunarudi, yule mwenye boda alituuliza tumepatwa na nini. Tulipomweleza akacheka kidogo, cheko la huruma, akatuonyesha upande wa kilima ulipo mnara. Akasema, "Hapa Biharwe hata mfalme aliacha mizigo yake." Tulidhani anatutania. Baadaye tuliuliza wazee, tukasoma, tukakuta ni kweli inavyosimuliwa.

Inasimuliwa kwamba mfalme wa Bunyoro, Olimi wa kwanza, alikuwa anarudi kutoka vitani huku kusini na kundi kubwa la ng'ombe aliowateka. Alipofika hapa Biharwe, nchi ya Nkore, jua likafunikwa mchana. Giza likaingia, ndege wakanyamaza. Olimi na watu wake wakaona ni ishara mbaya, wakakimbia, wakaacha ng'ombe. Watu wa Nkore, wakati wa mfalme wao Ntare Nyabugaro, wakapata ng'ombe wasio na mwenyewe, na masimulizi yakasema wameanguka kutoka mbinguni. Wataalamu wa nyota wamepiga hesabu, na tarehe inayokubalika na wengi ya kupatwa huko kwa jua ni 17 Aprili 1520. Ndiyo maana Biharwe ina mnara, na ndiyo maana wanahistoria wa Uganda wanaipenda: ni mojawapo ya matukio machache ya zamani ambayo yanaweza kuwekewa siku.

Sisi si wafalme, na ng'ombe hatukuwa nao. Lakini tangu siku ile tukaanza kujiuliza: watu waliotutangulia, waliosafiri na mizigo mizito kuliko yetu na kupita mahali penye watu wengi kuliko paki ya Mbarara, wao walifanyaje? Maana hawakuwa wote wanapotea. Kulikuwa na akili fulani. Tukaitafuta.

Ya kwanza tuliipata kwenye misafara ya zamani, ile ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo mpaka Tabora na Ujiji. Wengi wa wapagazi walikuwa Wanyamwezi, watu waliojulikana kila mahali kwa kazi hiyo. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili. Frasila moja ni karibu kilo 16, kwa hiyo mtu mmoja alibeba kilo 32 hivi, kichwani au begani, na juu yake mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Leo mashirika mengi ya ndege yanaruhusu kilo 23 kwa begi moja, na begi lenyewe lina magurudumu. Tuwaheshimu wazee wale.

Lakini kilichotushika zaidi ni mtu aliyeitwa kirangozi. Huyu ndiye aliyetangulia mbele ya msafara. Alibeba bendera, na mzigo wake ulikuwa mwepesi. Hakuwa mvivu. Kazi yake ilikuwa kuona. Mtu mwenye kilo 32 kichwani haoni mbali. Anaona miguu ya aliye mbele yake, basi. Kwa hiyo msafara ulihitaji mtu mmoja mwenye shingo huru. Na wasafiri wa wakati ule waliandika jambo lingine: njia ikigawanyika, walio mbele waliziba njia isiyo sahihi kwa tawi la mti, au wakachora mstari ardhini, ili wa nyuma wasipotee. Aliyekuja nyuma, hata akiwa amechoka kiasi gani, akiona tawi alijua: si huku.

Tulipofika hapo tukatazamana. Siku ile Mbarara sisi wawili tulikuwa tumebeba wote. Hakuna aliyekuwa na shingo huru. Kirangozi hakuwepo.

Baada ya misafara ikaja reli. Waingereza walianza kuijenga kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na Kampala mwaka 1931. Hapo ndipo kwetu Afrika Mashariki zilipoanza stesheni kubwa: geti, dirisha la tiketi, kengele, saa ya ukutani, na watu kugawanywa kwa madaraja. Waafrika walio wengi walipanda daraja la tatu, na daraja la tatu ndilo lililokuwa na watu wengi zaidi, na ndilo lililokuwa na mizigo mingi zaidi, kuku, mikungu ya ndizi, magunia. Na stesheni ikaleta kazi ya kuli, mtu wa kubeba mizigo ya wengine kwa malipo.

Wengine wanauliza, mbona Mbarara hatuna stesheni ya treni? Jibu ni kwamba reli ya magharibi ya Uganda ilifika Kasese mwaka 1956, na ilikuwa inafuata shaba ya Kilembe. Ilipita Kamwenge, haikupita kwetu. Reli ile yenyewe leo haifanyi kazi. Kwa hiyo watu wa huku, wenyeji na wakimbizi, stesheni yetu ni paki. Pale paki ndipo Bunagana, Kisoro, Kikagati, Nakivale na Kampala zinapokutana. Hakuna geti la mizigo, hakuna ubao wa kuonyesha basi lipi linatoka saa ngapi. Ubao ni mdomo wa mpiga debe. Ndiyo maana tunasema paki ni ngumu kuliko stesheni nyingi tunazoziona kwenye simu.

Kabla hatujaenda mbali, kuna neno moja la Kiswahili tunalolitaja kila siku bila kufikiri: Kariakoo. Walio na ndugu Dar es Salaam wanalijua kama soko. Asili yake ni jina la Kiingereza la jeshi la wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Waingereza waliwachukua Waafrika kwa nguvu wabebe risasi na chakula cha jeshi, na wapagazi hao walipiga kambi pale. Nairobi nao wana mtaa wa jina hilo hilo, Kariokor. Makumi ya maelfu ya wapagazi wale walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kwa hiyo mtu akikwambia kubeba mzigo ni jambo dogo, mwambie kuna mitaa katika miji mikubwa miwili iliyopewa jina la waliokufa wakibeba.

Sasa tuje kwetu wenyewe. Nakivale ilianza na Wanyarwanda waliokimbia mwishoni mwa miaka ya 1950, na ikatambuliwa rasmi mwaka 1960. Tangu hapo wamekuja Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, na kila kundi lina hadithi yake ya mahali padogo penye watu wengi. Wenzetu Warundi wanakumbuka Kagunga. Mei 2015, makumi ya maelfu ya watu walijazana kwenye kijiji hicho cha Tanzania, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mlima nyuma na maji mbele. Barabara ya gari haikuwepo. Meli iliyokuja kuwachukua kuwapeleka Kigoma ilikuwa MV Liemba, meli ya Wajerumani ya tangu Vita ya Kwanza. Ilikuwa inabeba watu kama 600. Na gati halikuwepo, kwa hiyo mtu alipanda kwanza mtumbwi, halafu kutoka mtumbwini ndipo apande meli. Kipindupindu kilikuwa kimeshaingia.

Mwenzetu mmoja alikuwa mtoto wakati huo. Anasema mama yake alikuwa amebeba godoro kutoka Burundi, amelivusha mlima mzima. Walipofika kwenye mtumbwi akaambiwa godoro au mtoto wa pili, vyote haviingii safari hii. Hakujadili. Godoro lilibaki mchangani pamoja na magodoro mengine mengi. Anasema alipotazama nyuma kutoka melini, ufukwe ulikuwa kama duka la vitu vya nyumbani. Halafu anasema kitu ambacho tulikiandika: mama yake hakulilia godoro siku ile. Alililia miaka mitatu baadaye, siku alipopata nafasi ya kununua jingine.

Sisi tulidhani mambo haya ni ya watu maskini wa Afrika tu. Kumbe hapana. London ndiyo mji wa kwanza duniani kuwa na treni ya chini ya ardhi. Ilifunguliwa 10 Januari 1863, kutoka Paddington mpaka Farringdon, na ilivutwa na injini za moshi humo humo chini. Ilijengwa kwa ajili ya mtu wa kazini mwenye mwavuli na gazeti. Mtu mwenye masanduku hakufikiriwa sana. Ngazi, ngazi, halafu ngazi tena. Ngazi za umeme za kwanza kwenye treni hizo ziliwekwa kituo cha Earl's Court mwaka 1911, karibu miaka hamsini baadaye. Na mpaka leo, kati ya vituo 272, ni kama theluthi moja tu ambavyo mtu anaweza kutoka barabarani mpaka kwenye treni bila kupanda ngazi. Mama mwenye mtoto mgongoni na valizi mbili, huko London pia anateseka. Tusidhani Ulaya mzigo unajibeba.

Na huko London kuna stesheni moja inayotuhusu sana sisi vijana wa kambi, inaitwa Liverpool Street. Kati ya Desemba 1938 na Septemba 1939, kabla tu ya Vita ya Pili, watoto karibu 10,000, wengi wao Wayahudi, walitolewa Ujerumani na nchi za jirani kwa treni na meli kwenda Uingereza, bila wazazi. Wengi wao walishukia Liverpool Street. Kila mtoto aliruhusiwa sanduku dogo moja, na alivaa kikaratasi chenye namba. Hawakujua Kiingereza. Walikaa kwenye ukumbi wa stesheni na masanduku yao wakisubiri namba yao iitwe na mtu wasiyemjua aje kuwachukua. Leo nje ya stesheni hiyo kuna sanamu ya watoto hao na masanduku yao, iliyowekwa mwaka 2006. Ukiitazama picha yake utamwona yule mtoto wetu juu ya ndoo.

Kikaratasi kile chenye namba, ndugu zetu, hakikuisha. Mnaujua ule mfuko mweupe wa plastiki wenye maandishi ya buluu ya IOM, anaopewa kila mkimbizi anayepelekwa nchi ya tatu. Wengine wanauonea aibu. Wanauficha ndani ya begi wasionekane wakimbizi mbele za watu. Mwenzetu mmoja aliyeondoka alitutumia sauti kutoka Marekani. Alishukia uwanja wa Atlanta, ambako treni ya chini ya ardhi inawabeba abiria kutoka jengo moja kwenda lingine tangu mwaka 1980. Alisema: "Treni inakuja haina dereva, milango inafunguka yenyewe, watu wanaingia kama maji. Mimi nina begi, mke ana begi, watoto wana vibegi. Nikaogopa milango itatugawanya. Nikautoa ule mfuko nikaunyanyua juu. Kabla sijashusha mkono, mfanyakazi mmoja akaja akasema, njoo." Mfuko ule ndio bendera ya kirangozi. Usiufiche. Unyanyue.

Na lile tawi la njiani nalo tulilikuta. Mwaka 1933 London walitoa ramani mpya ya treni zao, iliyochorwa na Harry Beck, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora michoro ya umeme. Aliacha kuonyesha umbali wa kweli. Akachora mistari iliyonyooka, kila njia na rangi yake, kwa sababu alielewa kwamba mtu aliye chini ya ardhi haulizi ni kilomita ngapi. Anauliza, nishukie wapi, nibadilishie wapi. Na Mexico walikwenda mbele zaidi. Walipofungua metro yao mwaka 1969, wakati watu wengi hawakujua kusoma, kila kituo walikipa picha yake. Kituo cha Chapultepec ni panzi. Bibi asiyejua herufi moja anaweza kumwambia mjukuu, tutashuka kwenye panzi. Hiyo ndiyo akili ile ile ya wapagazi wetu: aliyechoka na mwenye mzigo asilazimishwe kufikiri sana, awekewe alama.

Tukiyaweka pamoja haya yote, tumeona hivi. Stesheni kubwa, iwe paki ya Mbarara, ufukwe wa Kagunga au metro ya Ulaya, haimpotezi mtu kwa sababu ni mjinga. Inampoteza kwa sababu mzigo unamvuta macho. Ukishika kitu, unakitazama. Ukikitazama, huwatazami watu wako. Wapiga debe wanalijua hilo vizuri kuliko sisi. Hawamvuti abiria, wanavuta begi, kwa sababu wanajua abiria atalifuata. Siku ile walivuta mizigo miwili na familia ikavunjika vipande vitatu, bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya kwa mtoto.

Kwa hiyo tangu siku ile, kila tunaposindikiza familia, tunafanya mambo haya, na tunawaomba nanyi mfanye.

Kirangozi awepo. Mmoja habebi kitu, hata kama ana nguvu kuliko wote. Hasa kama ana nguvu kuliko wote. Anatangulia, anauliza, analipa, anasimama mlangoni mpaka wa mwisho aingie. Wengine wanasimama mahali pamoja na mizigo katikati yao, mpaka arudi. Hamwondoki mguu mmoja kabla hajarudi.

Karatasi zikae mwilini. Yule mama wa Juru alikuwa ameifunga barua ya kuitwa, pamoja na ile karatasi ya familia tunayoiita ateshtesheni, ndani ya kitambaa kiunoni, chini ya kitenge. Mabegi yakaenda, karatasi zikabaki naye. Kesho yake alifika Kampala amechelewa siku moja, akapangiwa siku nyingine, kesi yake haikufa. Kama zingekuwa kwenye begi, tungekuwa tunaandika habari tofauti.

Mtoto asipewe mzigo wa kulinda. Mzigo upewe mtoto mdogo, autumie kama kiti, lakini mtu mzima awe pale. Na watu wahesabiwe kabla ya mabegi. Tulikuwa tunahesabu mabegi: moja, mawili, matatu, godoro. Sasa tunahesabu vichwa kwanza, kwa sauti, kila mtoto anaitika namba yake. Watoto wanapenda, wanaona ni mchezo.

Mahali pa kukutana pawekwe alama kabla hamjaingia ndani. "Ukipotea, nenda kwa mama mwenye mwavuli mwekundu." Hiyo ni panzi yenu. Na mwambieni mtoto amtafute mama mwenye biashara, anayekaa mahali pamoja siku nzima. Asimfuate mtu anayetembea tembea.

Na wanaoenda mbali: kwenye ngazi za umeme za London simama upande wa kulia, waache wenye haraka wapite kushoto. Kwenye mageti ya treni tafuta lile pana, limewekwa kwa ajili ya mabegi na viti vya magurudumu. Treni ikikuacha, iache, mara nyingi nyingine inafuata baada ya dakika chache. Na mkikubaliana mapema, mkigawanywa na mlango, aliye ndani ashuke kituo kinachofuata asubiri hapo, aliye nje apande treni inayofuata. Wote wawili wakianza kutafutana, hawatakutana.

Tunajua wengine mtasema, mambo ya London ya nini, wakati Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi Januari 2025 na watu wengi hapa wana mabegi yaliyofungwa chini ya kitanda mpaka leo? Ni kweli. Tunazijua nyumba ambazo begi lilifunguliwa tena kutoa nguo za watoto, zikakutwa hazitoshi, watoto wamekua. Hatuwezi kuwaambia mpango utafunguka lini. Lakini mtu wa Nakivale hasubiri ndege ndipo asafiri. Kila wiki kuna anayekwenda hospitali Mbarara, anayekwenda kufanya mtihani, anayekwenda Kampala kwa kesi, anayempokea ndugu aliyeshushwa paki usiku na watoto. Kituo kikubwa tunacho tayari.

Mtataka kujua mabegi yaliishia wapi. Tulipiga namba iliyokuwa kwenye tiketi. Baada ya siku tatu tulipata mabegi mawili na godoro. La tatu halikuonekana. Lilikuwa na ripoti za shule za watoto, na picha za baba yao marehemu, zote. Hatukujua jinsi ya kumwambia mama samahani. Yeye alinyamaza kidogo, halafu akamwita yule wa miaka sita, akamshika uso kwa mikono miwili, akautazama muda mrefu. Akatwambia, "Huyu ndiye anayefanana naye."

Ndoo ya maharagwe ilifika Kampala kesho yake, salama, haijapungua hata punje. Alikataa kumpa mtu mwingine aibebe, kwa hiyo mmoja wetu alishika upande mmoja wa mkono wa ndoo, yeye akashika mwingine. Mwenzetu yule mwingine alitembea mbele, mikono mitupu.

Ukipita Biharwe ukiwa kwenye basi, hesabu watu wako. Nasi tukipita tunahesabu. Kama una hadithi ya mzazi wako au ya babu yako na mzigo alioubeba au aliouacha, iandike hapa chini, kwa Kiswahili chochote ulicho nacho. Tunazikusanya.